Kupata Mwili Mwembamba Wenye Misuli Iliyojichora Bila Kujazia: Mwongozo Kamili

Kuna dada mmoja niliyekuwa nikifanya naye mazoezi. Zaidi ya mwaka mzima alishika dambeli zilezile za kilo 2, anapiga marudio 30, akimaliza anapanda mashine ya kukimbilia kwa saa nzima. Nilipomuuliza mbona hapandishi uzito, akanijibu, "Kaka, naogopa kujazia." Mikono ilikuwa ileile, tumbo lilelile, na uchovu umezidi. Siku alipokubali kushika kilo 6, kisha 8, baadaye 10, na kuanza kula mayai asubuhi badala ya chai tupu, hata miezi minne haikuisha, mstari wa bega ukaanza kuonekana. Blauzi zake za siku zote zikawa zinamlegea kiunoni. Hakujazia popote.

Nimeanza na yeye kwa sababu hofu yake ni hofu ya wengi, wanawake kwa wanaume. Watu wanataka mwili mkakamavu, tumbo limelala, msuli unajionyesha mtu akinyoosha mkono kuchukua kitu kabatini, lakini hawataki shingo ya baunsa wala shati la kubana kifuani. Mwili huo unapatikana. Kinachowachelewesha wengi ni ile njia wanayoishika kuutafuta: uzito mwepesi mno, marudio mengi mno, chakula kidogo mno.

Kwanza ujue kinachouchora mwili

Hakuna zoezi la "kukaza" msuli ambalo ni tofauti na zoezi la kuujenga. Vitu viwili tu ndivyo vinavyobadilika mwilini: kiasi cha misuli uliyonayo, na unene wa tabaka la mafuta linaloifunika. Mwenye misuli michache na mafuta machache ni mwembamba tu, hana umbo la kuonyesha. Mwenye misuli mingi iliyofunikwa na mafuta mengi anaonekana mnene, hata kama ana nguvu za ajabu. Unachokitafuta wewe ni misuli ya kutosha chini ya mafuta machache.

Kwa makadirio, wanaume wengi huanza kuiona misuli ya tumbo mafuta yanapofika kati ya asilimia 10 na 14 ya uzito wa mwili. Kwa wanawake ni kama asilimia 18 hadi 22. Tofauti hiyo ni ya kimaumbile, na haina uhusiano na uvivu wala bidii: mwili wa mwanamke unahitaji akiba kubwa zaidi ya mafuta kwa ajili ya homoni na uzazi. Mwanamke anayejilinganisha na tumbo la mwanaume pichani anajidhulumu.

Sasa, kujazia kunatoka wapi? Kunataka mambo matatu yakutane kwa muda mrefu: kula kuzidi mahitaji ya mwili kwa miezi mingi, seti nyingi sana za mazoezi kwa kila msuli (seti ni mkupuo mmoja wa marudio kabla ya kupumzika), na homoni za kuunga mkono. Mwanaume anayeanza, akila vya kutosha na kufanya kila kitu sawasawa, akipata kilo 1 ya misuli kwa mwezi amefanya vizuri mno. Mwanamke hupata kama nusu yake, maana testosteroni yake, homoni ya kiume inayokuza misuli, ni pungufu mara 10 hadi 20. Watunisha misuli unaowaona wamevimba wamehangaika miaka kwa miaka, wamekula kwa kujilazimisha, na baadhi yao wametumia dawa. Hakuna mtu aliyelala mwembamba akaamka baunsa. Ukiona msuli fulani unakua kuliko unavyopenda, utakuwa na miezi ya kulirekebisha hilo, na jinsi ya kurekebisha nitaieleza mbele.

Hatua ya 1: Jua unaanzia wapi

Kabla hujapunguza hata kijiko cha chakula, jitazame kwenye kioo kwa ukweli na uamue uko kundi gani.

Kama una kitambi au nyama uzembe kiunoni na mapajani, safari yako inaanza na kupunguza mafuta huku ukijenga nguvu. Kama wewe ni mwembamba kwa nguo lakini ukivua mwili ni laini, mikono haina umbo na tumbo limetokeza kidogo, tafadhali usipunguze chakula. Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mtu wa aina hii akijinyima anazidi kuwa mdogo na kubaki laini vilevile, kwa sababu kinachokosekana ni misuli. Ale kiasi kinachoushikilia uzito wake palepale, aongeze protini, afanye mazoezi ya uzito kwa miezi minne hadi sita, na umbo litabadilika bila mizani kusogea sana. Na kama tayari una misuli kiasi na mafuta si mengi, unahitaji upunguzaji mdogo wa wiki 6 hadi 8 tu.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au figo, aliye chini ya miaka 18, na yeyote aliyewahi kusumbuliwa na tatizo la kujinyima chakula au kula na kujitapisha, azungumze na daktari kwanza kabla ya kufuata hatua zinazohusu chakula.

Halafu chukua vipimo. Asubuhi, ukishatoka msalani na kabla hujala wala kunywa, pima uzito. Zungusha utepe wa fundi cherehani kwenye usawa wa kitovu, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani, soma namba. Piga picha tatu, mbele, ubavu na nyuma, ukiwa mahali palepale na mwanga uleule utakaoutumia siku zote. Weka picha hizo mahali pa siri. Baada ya miezi mitatu zitakuambia ukweli kuliko mizani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya chakula

Hesabu hii ni ya dakika tano. Kanuni inayotumika sana ni ile ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Chukua uzito wako kwa kilo uzidishe kwa 10. Ongeza urefu kwa sentimita uliozidishwa kwa 6.25. Toa umri wako uliozidishwa kwa 5. Mwanaume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Jibu ni kalori ambazo mwili ungetumia hata ungelala siku nzima.

Tuchukue mwanamke wa kilo 65, urefu sentimita 165, umri miaka 30. Ni 650, kuongeza 1,031, kutoa 150, kutoa 161. Anapata kama 1,370. Kwa mtu anayekaa kazini lakini anafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, zidisha kwa 1.4, unapata karibu 1,900. Hicho ndicho kiasi cha kumbakiza palepale. Anayefanya kazi ya kusimama na kutembea mchana kutwa azidishe kwa 1.6 au zaidi.

Toa kalori 300 hadi 400 kwenye namba hiyo, usizidishe. Mwanamke wa mfano wetu atakula kama 1,550. Gramu moja ya mafuta ya mwili si kalori 9 kamili, kwa kuwa kuna maji na vitu vingine ndani yake, kwa hiyo kilo moja inakaribia kalori 7,700. Upungufu wa 350 kwa siku unamletea anguko la kama gramu 300 kwa wiki, takribani nusu asilimia ya uzito wake. Najua inasikika kidogo. Bandu bandu huisha gogo: wiki 12 za namna hiyo ni karibu kilo 4 ambazo nyingi yake ni mafuta, na kilo 4 za mafuta kwenye mwili wa kilo 65 zinabadilisha umbo kabisa. Mwenye mafuta mengi anaweza kwenda kasi zaidi, hadi asilimia 1 ya uzito kwa wiki. Aliyekwisha kuwa mwembamba aende taratibu zaidi, kwa kuwa mwili wenye akiba ndogo huwa mwepesi kuchoma misuli.

Kwa nini nasisitiza usijinyime? Kati ya 1944 na 1945, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwalisha vijana 36 wenye afya chakula pungufu mno kwa miezi sita. Walipungua kama robo ya uzito wao, lakini pia walihisi baridi muda wote, nguvu ziliwaishia, wakawa hawawazi kitu ila chakula, wengine wakikaa kusoma vitabu vya mapishi. Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu kula mlo mmoja mdogo kwa siku kwa wiki tano. Mizani ilishuka, nikafurahi, hadi siku niliposhindwa kujivuta kwenye bomba hata mara tatu wakati zamani nilifika kumi. Nilikuwa nimetupa kilekile nilichotaka kionekane.

Hatua ya 3: Protini kwanza, mengine yafuate

Ukipunguza chakula, mwili unatafuta pa kuchukua nishati, na misuli nayo imo kwenye orodha. Vinavyouzuia ni viwili: mazoezi mazito na protini. Lenga gramu 1.6 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mtu wa kilo 65 anahitaji kama gramu 104 hadi 130. Mwenye uzito mkubwa uliozidi apige hesabu kwa uzito anaoulenga.

Kwenye sahani ni hivi: yai moja lina gramu 6. Gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa zina kama 30, samaki kama 22 hadi 25. Kikombe cha dengu zilizopikwa kina 18, cha maharagwe 15, cha maziwa 8. Mayai matatu na kikombe cha maziwa asubuhi, kipande cha kuku cha gramu 120 na kikombe cha dengu mchana, samaki wa gramu 120 jioni, tayari umevuka gramu 100. Asiyekula nyama aunganishe jamii ya kunde na mayai au maziwa, na kama hatumii hata mayai na maziwa, basi soya itamsaidia sana kuifikia namba hiyo. Igawanye kwenye milo mitatu au minne, maana mlo wenye protini unashibisha, na njaa ndiyo inayovunja mipango mingi.

Wanga usiufukuze. Wali, viazi, mkate wa ngano nzima na matunda vinakupa nguvu ya kunyanyua. Punguza kipimo tu, na uweke sehemu kubwa karibu na muda wa mazoezi. Jaza nusu ya sahani mboga, kwa sababu zina nyuzinyuzi na zinachukua nafasi tumboni kwa kalori chache.

Kwenye mafuta ya kupikia ndipo penye mtego. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120. Mtu anamimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, vijiko vitatu vinaingia bila yeye kujua, na ule upungufu wote wa 350 aliouhangaikia unakuwa umezama kwenye sufuria. Pima kwa kijiko kwa wiki mbili tu, jicho litajifunza. Karanga pia ni chakula kizuri, lakini gramu 100 zinakaribia kalori 570, kwa hiyo zihesabu kwenye kiganja. Soda moja ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35. Pombe ina kalori 7 kwa kila gramu, na huharibu usingizi juu yake. Hivi viwili ndivyo vya kwanza kukata, kwa sababu havishibishi.

Hatua ya 4: Nyanyua vizito, seti chache

Hapa ndipo moyo wa jambo lenyewe ulipo, na ndipo hofu ya kujazia inapowadanganya watu.

Nguvu na ukubwa wa msuli ni ndugu, lakini si pacha. Ukinyanyua uzito unaokuruhusu marudio 5 hadi 8 tu, ukapumzika dakika 2 hadi 3, ukafanya seti chache, sehemu kubwa ya maendeleo yako mwanzoni inatoka kwenye neva: ubongo unajifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja. Unapata nguvu, msuli unakuwa imara na unakua kiasi cha kuonekana. Kinachovimbisha zaidi ni wingi wa kazi, yaani seti 15 au 20 kwa msuli mmoja kila wiki pamoja na chakula cha ziada. Wewe kaa kwenye seti 6 hadi 9 kwa kila sehemu kubwa ya mwili kwa wiki. Kwa mtu anayekula pungufu, zinatosha kuilinda misuli na hata kuiongeza kidogo kama ni mgeni wa mazoezi.

Fanya mara tatu kwa wiki, dakika 45 hadi 50, ukiacha siku moja katikati. Unabadilishana mazoezi mawili, A na B. Wiki hii ni A, B, A. Wiki ijayo B, A, B.

Zoezi A: skwoti (kuchuchumaa na kuinuka) seti 3, kusukuma chuma ukiwa umelala chali kwenye benchi, au pushapu, seti 3, kuvuta dambeli kuelekea kiunoni ukiwa umeinama, seti 3, planki (kujishikilia umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu) mara 2.

Zoezi B: kuinua chuma kwa kukunja nyonga seti 3, kusukuma dambeli juu ya kichwa seti 3, kujivuta kwenye bomba, au kuvuta mashine ya juu, seti 3, hatua ndefu za kupiga goti seti 2 kila mguu, kuinua miguu ukining'inia au ukilala, seti 2.

Kabla ya kila zoezi la kwanza pasha mwili moto dakika 5, kisha fanya seti mbili nyepesi za zoezi hilohilo.

Kukunja nyonga kunawashinda wengi, kwa hiyo tukutazame kwa karibu. Ugeuzie ukuta mgongo, simama umbali wa hatua fupi moja, miguu upana wa nyonga. Legeza magoti kidogo halafu yaache hapohapo. Sasa sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa mizigo, mpaka yaguse ukuta. Kifua kitainama chenyewe. Mgongo ubaki umenyooka kama ubao, na utasikia nyuma ya mapaja pakivutika. Ukishahisi hivyo, bana makalio na usimame. Ukisikia maumivu mgongoni chini, ujue umekunja mgongo badala ya nyonga. Sogea mbele ya ukuta sentimita chache kila siku mpaka mwili uelewe, ndipo ushike dambeli au chuma, ukikiteremsha kikiwa kinagusana na mapaja yako njia nzima.

Uzito utaupandishaje? Chagua unaokuwezesha kufanya marudio 5 safi ukiwa umebakiwa na nguvu ya mawili hivi. Kila mara jaribu kuongeza rudio moja. Siku utakayofanya 8 kwenye seti zote tatu, ongeza kilo 2.5 na urudi kwenye 5. Andika kwenye daftari. Ukurasa wangu mmoja unasomeka: "Jumatatu. Skwoti kilo 60: 8, 7, 6. Goti la kushoto linaingia ndani kwenye la mwisho." Wiki iliyofuata nilijua pa kuangalia. Asiye na daftari hunyanyua uzito uleule miezi sita akidhani anaendelea.

Huna vyuma? Mwili wako ni chuma. Pushapu zikizidi 12, panda miguu kwenye kiti. Zikizidi tena, vaa mkoba uliojaa vitabu. Skwoti ya miguu miwili ikiwa rahisi, fanya ya mguu mmoja ukiketi kwenye kiti na kuinuka. Bila bomba unaweza kulala chini ya meza imara na kujivuta kifua kiguse ukingo wake, ila ijaribu kwanza kama haitapinduka. Kwa mazoezi haya marudio yatapanda hadi 12 au 15, na hakuna ubaya, mradi seti iishe ukiwa umebakiwa na marudio machache tu.

Kuhusu tumbo: kupiga sit-apu 200 kila asubuhi hakuyeyushi mafuta ya tumbo. Mwili unachota mafuta kutoka sehemu zote kwa mpangilio uliorithi, na mara nyingi sehemu iliyonenepa kwanza ndiyo ya mwisho kupungua: tumbo kwa wanaume wengi, nyonga na mapaja kwa wanawake wengi. Uso na mikono vitatangulia. Usikate tamaa ukiona shavu limeingia ilhali tumbo bado liko.

Na kama msuli fulani umekua kuliko upendavyo, tuseme mapaja? Punguza seti za sehemu hiyo hadi theluthi moja, lakini uzito uache uleule. Msuli utabaki na nguvu na ugumu wake bila kupewa sababu ya kukua.

Hatua ya 5: Tembea sana, kimbia kiasi

Kukimbia kwa saa nzima kila siku huku unakula kidogo kunachosha miguu, kunaongeza njaa na kunapunguza uzito unaoweza kunyanyua. Kutembea hakuna gharama hiyo. Lenga hatua 8,000 au zaidi kwa siku. Ile namba maarufu ya 10,000 ilianza kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, kwa hiyo usijione umefeli ukipata 8,500. Kama leo unatembea 4,000, ongeza 1,000 kila wiki.

Ukipenda kukimbia, kuogelea au kuendesha baiskeli, weka mara mbili kwa wiki, dakika 20 hadi 30, siku usizonyanyua, au baada ya vyuma na si kabla. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Ukijumlisha kutembea kwako utaona umeshafika.

Hatua ya 6: Lala

Masaa 7 hadi 9. Watafiti wa Chicago walichapisha mwaka 2010 utafiti mdogo wa watu wazima 10 waliokula chakula pungufu kilekile kwa vipindi viwili vya siku 14: kimoja walipewa saa 8 na nusu za kulala, kingine saa 5 na nusu. Uzito ulishuka karibu sawa, lakini kwenye kipindi cha usingizi mdogo mafuta yaliyopungua yalikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu, na kilichobaki kilitoka kwenye sehemu za mwili zisizo mafuta. Walikuwa wachache, ila ninavyojua mwili wangu ninaamini. Nikilala vibaya siku mbili, siku ya tatu nakula hovyo na chuma kinakuwa kizito mara mbili.

Hatua ya 7: Vuka wiki tatu za mwanzo

Hii naiandika kwa msisitizo, kwa sababu watu wazuri wanaachia hapa. Ukianza mazoezi mazito, misuli inahifadhi maji ili kujitibu, na pia wanga ambao kila gramu yake hushika kama gramu 3 za maji. Mizani inaweza kupanda kilo 1 au 2. Suruali inaweza kubana mapajani. Baada ya mazoezi mkono unavimba kwa damu na kurudi kawaida baada ya saa chache. Mtu anatazama kioo, anasema "nilijua tu, nimeanza kujazia," anarudi kwenye dambeli za kilo 2. Ndugu yangu, hayo ni maji. Vumilia.

Ndiyo maana uzito upimwe kila siku lakini uhukumiwe kwa wastani wa wiki. Jumlisha siku saba, gawanya kwa saba, linganisha na wiki iliyopita. Mwanamke alinganishe wiki na wiki ya namna hiyohiyo ya mwezi uliopita, maana siku za karibu na hedhi mwili hushika maji. Kiuno kipime mara moja kwa wiki. Wastani usiposhuka na kiuno kisipopungua kwa wiki tatu mfululizo, kwanza rudi kupima mafuta ya kupikia na vitafunwa. Kama ulikuwa mkweli, toa kalori 100 hadi 150 au ongeza hatua 2,000. Usifanye vyote pamoja. Uzito ukigoma huku kiuno kinapungua na namba za daftari zinapanda, usiguse kitu: unapoteza mafuta na kujenga misuli kwa pamoja.

Vya kununua na vya kuviacha

Unga wa protini ni chakula tu, unafaa pale unapokosa muda wa kupika. Kreatini, kirutubisho kinachosaidia misuli kutoa nguvu, gramu 3 hadi 5 kwa siku ina ushahidi mzuri kwa nguvu. Itaongeza kama kilo moja ya maji ndani ya misuli, na haitakutunisha. Dawa za "kuchoma mafuta", mikanda ya kubana tumbo na nguo za kutoa jasho ziache dukani. Jasho ni maji, yanarudi ukinywa glasi mbili. Vidonge vya kukojoza na vya kuharisha ni hatari, vinavuruga chumvi za mwili na moyo pamoja nazo. Steroidi, zile dawa za homoni za kukuza misuli, usiziguse.

Ukomo, na kinachofuata

Baada ya wiki 8 hadi 12 za kupunguza, rudisha chakula hadi kile kiasi cha kubaki palepale kwa wiki mbili, hata kama bado hujafika. Nguvu zitarudi, usingizi utatulia, na uzito utapanda kidogo kwa sababu ya maji na wanga. Kisha endelea kama bado kuna safari.

Zipo dalili za kusimama mara moja: hedhi kupotea au kuvurugika, hamu ya tendo la ndoa kuisha, baridi isiyoeleweka, majeraha yasiyopona, kizunguzungu, au fikra za chakula zinazokuzuia kufanya kazi. Mwaka 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki waliieleza hali hii ya mwanamichezo kukosa nishati ya kutosha kuendesha mwili wake, na waliweka wazi kwamba inawapata wanaume pia. Inadhoofisha mifupa. Ongeza chakula na umwone daktari. Tumbo lenye vipande sita linalopatikana kwa bei hiyo halifai kushikiliwa.

Ukishafika pale unapojipenda, ongeza kalori 100 kila wiki mpaka uzito usimame. Mazoezi ya kulinda ulichokijenga ni machache kuliko ya kukijenga: mara mbili kwa wiki, zoezi A siku moja na B siku nyingine, seti 2 badala ya 3, uzito uleule. Yule dada ndivyo afanyavyo hadi leo. Dambeli zake sasa ni za kilo 14.